Watoto Waujue Mto Wao na Mlima Wao

Mji wa Jinja umejengwa mahali ambapo maji ya Ziwa Viktoria yanauanza Mto Nile. Mji wa Mbale, ulio kiasi cha kilomita 150 kutoka hapo kwa barabara ya Iganga na Tirinyi, umejengwa chini ya Mlima Elgon, ambao wenyeji Wagisu huuita Masaba, na ambao kilele chake cha Wagagai kina urefu wa meta 4,321. Mtu akiitazama ramani atadhani kwamba watoto wa miji hiyo miwili ya mashariki ya Uganda hawakosi kitu: wana ziwa, wana mto, wana misitu, wana mlima. Lakini ukaribu wa ramani si ukaribu wa mtoto. Si ajabu kumkuta mtoto wa Walukuba, ule mtaa wa wafanyakazi wa Jinja, ambaye ziwa analiona kwa mbali tu. Wala si ajabu kumkuta mtoto wa Namatala, mjini Mbale, ambaye habari za mto huzisikia siku za mafuriko peke yake.

Makala haya yanawahusu watu wanaoifungua njia kati ya mtoto na maumbile: walimu, wazazi, wastaafu na vijana wanaotoa saa zao bila mshahara ili kuwapeleka watoto mtoni, msituni na mlimani, na kuwarudisha salama. Kazi yao haina makelele, na mara nyingi haiandikwi. Hata hivyo ina fundisho moja lililo wazi kwa kila mzazi wa Afrika Mashariki. Uzuri wa mahali hautoshi kumfikisha mtoto huko, na amri ya serikali haitoshi. Anayemfikisha ni mtu mzima anayejulikana mtaani, ambaye hurudi kila juma siku ile ile na saa ile ile. Na pale ambapo mtu huyo hakuandaa wa kumfuata, njia hufungwa tena siku anapohama.

NJIA ILIVYOZIBWA

Jina la Jinja latokana na mawe. Mawe yenyewe yalikuwa kwenye maporomoko ambayo Mwingereza John Hanning Speke aliyaita Ripon mwaka 1862, ingawa Wasoga na Waganda walikuwa wameyajua tangu kale. Bwawa la Owen Falls, ambalo sasa huitwa Nalubaale, lilipofunguliwa mwaka 1954, maporomoko hayo yalizama. Mwaka 2012 kituo cha umeme cha Bujagali kilizinduliwa, na maporomoko ya Bujagali nayo yakawa yamekwisha funikwa na maji. Umeme huo huwasha taa za hospitali na kuendesha viwanda, na hakuna mwenye busara atakayeubeza. Lakini kwa mtoto wa Jinja maana yake ni kwamba sehemu za mto ambazo wazee walizikanyaga kwa miguu sasa zina uzio, mlinzi na kibao cha onyo. Bustani ya chanzo cha Nile inapendeza, ila kuingia kwake ni kwa kiingilio. Na nje ya mji, upande wa Kakira, macho hukutana na miwa, na baada ya miwa, miwa.

Mbale nako mambo hayakuwa mepesi. Katika miaka ya 1960 mji huo ulisifiwa kuwa mji safi kuliko yote ya Uganda. Tangu hapo umepanuka kwa haraka, na nafasi za wazi zimepungua kadiri majengo yalivyoongezeka. Juu ya mji limesimama genge la Wanale, na nyuma yake, juu zaidi, ndipo ilipo Hifadhi ya Taifa ya Mlima Elgon iliyotangazwa mwaka 1993. Kutangazwa kwa hifadhi kulileta ugomvi mkubwa wa mipaka. Watu waliondolewa katika ardhi waliyoilima, na katika nyumba nyingi za mpakani msitu ukawa jina la kuogopwa. Mtoto anayekua akisikia kwamba msituni kuna askari tu, atautazamaje msitu huo akiwa mtu mzima?

Kikwazo cha tatu ni ratiba ya mtoto mwenyewe. Mitihani ya kumaliza shule ya msingi imeugeuza mwaka wa mwisho kuwa mwaka wa kukaa darasani tangu alfajiri hadi jioni. Wakati wa ugonjwa wa Korona shule za Uganda zilifungwa Machi 2020, na hazikufunguliwa kikamilifu mpaka Januari 2022, muda ambao ulitajwa kuwa mrefu kuliko wa nchi nyingine yoyote duniani. Katika haraka ya kufidia masomo yaliyopotea, matembezi ya nje ndiyo yaliyokuwa rahisi kuahirishwa.

Na tusisahau wasichana. Mvulana akimaliza kazi zake huweza kukimbilia uwanjani. Dada yake hungojewa na ndoo ya maji, vyombo, na mdogo wake mgongoni. Kwa hiyo, kiongozi anapotangaza kwamba “watoto wote waje Jumamosi”, kwa kweli amewaalika wavulana, mpaka atakapokwenda nyumba kwa nyumba kuzungumza na akina mama na akina baba juu ya mabinti.

JE, HII NI ANASA?

Wapo wazazi watakaouliza: mtoto wa shamba ana haja gani ya kupelekwa kuona miti, naye hushinda shambani kila siku? Swali hilo ni la haki na lastahili jibu. Mtoto anayepalilia, anayechunga na anayetafuta kuni hakika yuko nje ya nyumba, lakini yuko kazini. Macho yake yako kwenye jembe na mawazo yake yako kwenye mzigo. Kumpa saa mbili za kutazama, kuuliza na kucheza hakumharibii utii wake. Humpa nafasi ya kuielewa ardhi ile ile anayoilima. Na mtoto wa mjini, ambaye hana hata shamba hilo, hana mahali pengine pa kuanzia.

Haki hiyo imeandikwa. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989, ambao Uganda iliuridhia mwaka 1990, unasema katika kifungu cha 31 kwamba mtoto ana haki ya kupumzika na kucheza, na katika kifungu cha 29 kwamba elimu yake imkuze katika kuyaheshimu mazingira ya asili. Tena sheria ya mazingira ya Uganda ya mwaka 2019 imekwenda mbele zaidi, ikatamka kwamba maumbile yenyewe yana haki ya kuwapo na kuendelea. Lakini sheria haimshiki mtoto mkono ikamvusha barabara.

Wataalamu wa afya nao wana lao la kusema. Mwaka 2015 yalichapishwa matokeo ya uchunguzi uliofanywa katika shule 12 za mji wa Guangzhou, nchini China. Katika nusu ya shule hizo watoto wa darasa la kwanza waliongezewa dakika 40 za shughuli za nje kila siku ya shule. Baada ya miaka mitatu, kiasi cha watoto 30 katika kila 100 wa shule hizo walikuwa wamepata ugonjwa wa kutoona mbali, ilhali katika shule zilizobaki na ratiba ya kawaida walikuwa kiasi cha 40. Mwanga wa jua, ambao Mwenyezi Mungu ameugawa bure, ni kinga ya macho.

Lakini kwa watu wa mashariki ya Uganda liko jambo zito kuliko yote hayo. Tarehe 1 Machi 2010 ardhi iliporomoka huko Nametsi, wilaya ya Bududa, katika miteremko ya Elgon, ikafukia nyumba na kituo cha afya, na mamia ya watu wakafa au wasionekane tena. Oktoba 2018 maafa yaliirudia wilaya hiyo hiyo, upande wa Bukalasi. Usiku wa kuamkia tarehe 31 Julai 2022 mito ya Nabuyonga na Namatala ilifurika, maji yakaingia mjini Mbale, na watu zaidi ya 20 wakapoteza maisha. Novemba 2024 ikawa zamu ya Bulambuli. Mahali kama hapo, kuijua ardhi si mchezo wa siku ya mapumziko. Mtoto anayejua njia ya maji, anayejua kwamba nyufa mpya mlimani, miti iliyoanza kuinama na chemchemi iliyogeuka matope ghafla ni dalili za hatari, huyo ana kitu cha kuwaambia wazazi wake kabla ya usiku kuingia.

VILABU NA WALEZI WAKE

Fikira ya kuwakusanya watoto katika vilabu vya maumbile si ngeni kwetu. Vilabu vya Wanyamapori vya Kenya vilianzishwa mwaka 1968, navyo vilikuwa vya kwanza vya aina hiyo katika Afrika. Uganda ikafuata mwaka 1975, na Tanzania ikaanzisha vilabu vya Malihai mwaka 1980, makao yake yakiwa Arusha. Mwaka 1991 marehemu Dakta Jane Goodall alikutana na wanafunzi 12 jijini Dar es Salaam, na hapo ukazaliwa mpango wa Roots & Shoots ambao sasa una vikundi katika nchi nyingi za dunia, Uganda ikiwamo. Kabla ya hao wote walikuwako Skauti, walioanza Uganda mwaka 1915, na Skauti wa kike, ambao hema, moto wa jioni na safari ya miguu vimekuwa shule yao.

Tazama mwaka wa 1975. Uganda ilikuwa katika utawala wa Idi Amin, wakati ambapo fedha za kigeni zilikuwa adimu na wataalamu wengi walikuwa wamekwisha ihama nchi. Hata hivyo vilabu vilianza mwaka huo, kwa sababu klabu haihitaji sana fedha. Yahitaji mlezi. Mlezi huyo kwa kawaida ni mwalimu ambaye, baada ya vipindi vyake, hubaki na watoto bila malipo ya ziada. Watoto huchagua mwenyekiti wao, katibu wao na mweka hazina wao. Huweka daftari la waliyoyaona, hupanda miti, huigiza michezo na kutunga ngonjera juu ya wanyama na misitu, na mara moja kwa mwaka, ikiwezekana, huchanga nauli wakaenda safari.

Siku hizi mlezi si lazima awe mwalimu. Jinja ina kituo cha utafiti wa samaki kilichoanzishwa mwaka 1947 kwa ajili ya Afrika Mashariki nzima. Katika mji kama huo hawakosekani wastaafu wanaowajua sangara, sato na dagaa, ambao Waganda huwaita mukene, kuliko kitabu chochote. Mbale ina mabwana shamba, wakulima wa kahawa na warina asali. Kila mtaa una bibi anayejua majani ya dawa na babu anayejua jina la kila mti. Kazi ya kiongozi wa kujitolea ni kuwatafuta watu hawa, kuwasalimu kwa heshima kwa Kisoga au Kigisu, na kuwaomba saa moja ya Jumamosi. Mara nyingi watakubali, maana hakuna mzee asiyefurahi kuulizwa ajualo.

JUMAMOSI YA JINJA

Kwa watoto wa Jinja, darasa la kwanza ni ndege. Ndege hawana kiingilio. Penye maji yupo furukombe, mwenye kichwa cheupe na sauti inayovuka ziwa. Yupo mnandi anayekausha mbawa zake juu ya jiwe. Yupo mdiria anayening'inia hewani kabla ya kuzama. Na kwenye mafunjo wapo kwera wanaosuka viota. Mtoto apewe kazi ya kuhesabu aina tano, aziandike majina yake kwa lugha ya nyumbani, kisha kwa Kiswahili, ambacho Baraza la Mawaziri la Uganda liliagiza mwaka 2022 kiwe lugha rasmi na kifundishwe mashuleni. Zoezi hilo dogo hufundisha macho, mkono na lugha mbili kwa wakati mmoja.

Baada ya ndege, miti. Busoga ilisifika kwa mivule, na misumeno imeipunguza sana. Ikiwa shuleni au kanisani au msikitini upo mvule mmoja uliosalia, huo na uwe mti wa klabu: watoto waupime unene wake kwa kamba kila mwaka, waokote mbegu zake, wajue ni nani hula matunda yake. Na mara moja kwa mwaka safari ifike Mabira, msitu wa hekta kama 30,000 ulio katika barabara ya Kampala, ambako huko Najjembe kuna njia za miguu na waongozaji. Hapo mlezi awasimulie watoto habari ya mwaka 2007, wakati ilipopendekezwa kwamba kiasi cha hekta 7,100 za msitu huo zikatwe kwa ajili ya miwa. Wananchi walipinga, fujo zikatokea Kampala mwezi wa Aprili na watu wakafa, na mwishowe msitu haukutolewa. Watoto wajue kwamba kivuli wanachokaa chini yake kilitetewa.

Lakini kuna onyo ambalo kiongozi wa Jinja hana ruhusa ya kulisahau, nalo ni kichocho. Vijidudu vya ugonjwa huo hutoka kwa konokono wanaoishi kwenye maji yaliyotulia, yenye majani, kandokando ya ziwa na mto, na hupenya ngozi ya mtu anayeogelea au kusimama majini. Kwa hiyo sharti liwe moja, rahisi kukumbukwa: tunatazama maji, hatuingii. Mtoto aliyekwisha zoea kuoga ziwani apelekwe kituo cha afya. Dawa ya praziquantel ipo na huponya. Tena viboko hutoka majini jioni kwenda malishoni, hivyo matembezi ya ufukweni yamalizike mapema, jua likiwa bado juu.

JUMAMOSI YA MBALE

Mbale ina darasa lake. La kwanza ni mto wenyewe. Watoto wakubwa wafuate Nabuyonga au Namatala kwa miguu, wakati wa kiangazi, wakiwa na wazazi, kutoka mjini kuelekea mlimani. Waone ni wapi watu wametupa takataka mpaka mfereji ukaziba, wapi nyumba imejengwa penye mkondo wa maji, wapi ukingo una nyasi na wapi umebaki udongo mtupu. Wachore ramani yao. Ramani hiyo waipeleke kwa mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji, wakaisome wenyewe mbele ya wazee. Mtoto wa miaka 12 aliyesimama mbele ya baraza akaeleza mto wake amekwisha kuwa raia.

La pili ni kitalu. Tangu mwaka 2010 umekuwapo katika milima ya Mbale mpango wa kupanda miti ulioanza na shabaha ya miti milioni 10, ukisaidiwa na watu wa Wales, nao hutegemea vitalu vya wanavijiji ambavyo huwagawia wakulima miche bila malipo. Watoto waweza kuwa na kitalu chao kidogo: viriba 200, udongo uliochanganywa na samadi, kivuli cha makuti au nyasi, na zamu ya kumwagilia. Wapande miti ya kwao, kama musizi, mugavu na musambya, pamoja na matunda ambayo yatawavuta kurudi. Mti mmoja uliopandwa na kufungiwa uzio ukaishi, wapita miti 100 iliyopandwa mbele ya wageni na kukauka mwezi wa Januari. Kwa hiyo hesabu isifanywe siku ya kupanda. Ifanywe baada ya mwaka mmoja, na watoto wenyewe waandike iliyopona na iliyokufa, na sababu yake. Waelezwe kweli pia: mizizi huushika udongo wa juu na kupunguza mmomonyoko, lakini mti si dawa ya kila poromoko, penye mteremko mkali uliokwisha pasuka, dawa ni kuhama.

La tatu ni msitu. Hapa kiongozi wa kujitolea hufanya kazi ngumu kuliko zote, maana yuko kati ya wananchi na wakuu wa hifadhi. Baadhi ya vijiji vya mpakani vina makubaliano na mamlaka ya wanyamapori, yanayowaruhusu kuingia kwa siku maalumu kuchuma malewa, yale machipukizi ya mianzi ambayo Wagisu huyapika kwa karanga, na kutundika mizinga ya nyuki. Mlezi mwerevu huanzia hapo. Humwomba mwanamke mchuma malewa aeleze jinsi anavyochagua chipukizi la kukata na la kuacha, kisha humwomba askari wa hifadhi aje bila ukali, aeleze kazi yake. Watoto wakiwasikia wote wawili katika siku moja, wameuona msitu ukiwa na wenyewe, wala si kitu cha kuibiwa wala cha kukimbiwa. Mlezi asiufiche ugomvi wa mipaka. Watoto wanaujua tayari kutoka nyumbani. Kinachowafaa ni kuona kwamba watu wazima waweza kuuzungumza bila fimbo.

Katika Agosti ya miaka ya shufwa, ratiba hii yote isimame kidogo. Ndio msimu wa imbalu, tohara ya Wagisu, na vijana wote macho yao yako kwenye ngoma. Kiongozi anayeijua nchi yake hashindani na imbalu. Huipanga kalenda yake kuizunguka.

MAMBO AMBAYO KIONGOZI LAZIMA AYASHIKE

Nia njema peke yake haimlindi mtoto. Yeyote anayetaka kuanza, awe Jinja, Mbale, Tanga au Kisumu, ayashike haya:

Kwanza, idhini. Mwenyekiti wa kijiji ajue, shule ijue, mwenye shamba au hifadhi ajue, na kila mzazi akubali kwa saini au kwa kidole gumba. Katika nyumba yenye binti mwenye kazi nyingi, mlezi aende mwenyewe na aseme kwa adabu: “Mama, nakuomba binti yako kwa saa mbili tu, Jumamosi asubuhi, atarudi kabla ya kupika.” Kisha amrudishe kabla ya kupika. Neno likitimizwa mara tatu, mlango haufungwi tena.

Pili, watu wazima wawili daima, na mmoja wao awe mwanamke. Mtu mzima asibaki peke yake na mtoto mmoja mahali pa faragha, hata akiwa mwema kiasi gani. Desturi hii humlinda mtoto, na humlinda mlezi pia.

Tatu, idadi. Watoto 10 kwa kila mtu mzima watosha. Wahesabiwe wakati wa kuondoka, wakati wa kupumzika na wakati wa kurudi.

Nne, vifaa. Maji yaliyochemshwa, kofia, viatu, filimbi, kitambaa safi na dawa ya kidonda, na chakula cha mkononi kama viazi vitamu au mahindi ya kuchemsha. Safari isitegemee vitu vya dukani, la sivyo mtoto wa maskini ataona haya kuja.

Tano, asiachwe mlemavu. Ikiwa mmoja ana magongo, safari ya siku hiyo iwe fupi kwa wote. Ndege na vipepeo huja hata mahali tambarare.

Sita, watoto wasigeuzwe vibarua. Kupanda miti ni elimu ikiwa mtoto anajua jina la mti na atarudi kuuona. Akichimbishwa mashimo 50 ili mtu mwingine apigwe picha, huo ni utumishi.

KLABU ISIFE NA MTU MMOJA

Ugonjwa mkubwa wa kazi za kujitolea katika nchi zetu unajulikana. Mtu mmoja mwenye moyo huanzisha, hufanya yote, hushika ufunguo, daftari na fedha, na jina la klabu huwa jina lake. Halafu mwalimu huyo hupata uhamisho, au huugua, au huchoka. Muhula unaofuata kitalu kimeota magugu na daftari halijulikani liliko. Watoto hujifunza siku hiyo fundisho baya: kwamba mambo mema huja na mtu na huondoka na mtu.

Dawa yake ni kugawa uongozi tangu juma la kwanza. Mlezi awe na makamu, na makamu atokee upande wa wazazi, si shuleni, kwa kuwa wazazi hawapati uhamisho. Ufunguo wa stoo uwe na mtu mmoja, fedha kwa mwingine, daftari kwa katibu wa watoto. Mtoto wa miaka 14 apewe kundi la wadogo sita awafundishe ndege wale watano aliowajua. Hapo ndipo atakapogundua anachokijua na asichokijua. Waliomaliza shule waitwe tena kuwa wasaidizi. Mwaka 2019 msichana wa Uganda, Leah Namugerwa, aliadhimisha siku yake ya kutimiza miaka 15 kwa kupanda miti 200 badala ya kufanya karamu, na wengine wakamwiga. Kijana hangoji kuwa mtu mzima ili aongoze, angoja kuaminiwa.

Serikali nazo zina sehemu yake, na kujitolea kwa wananchi kusiwe kisingizio cha kuikwepa. Tangu Julai 2020 Jinja na Mbale zimepandishwa kuwa majiji. Jiji linalopima viwanja vya maduka laweza kupima pia kiwanja cha watoto chenye miti, na likakiandikia hati ili kisiuzwe. Laweza kuwaruhusu watoto wa shule kuingia bustani ya chanzo cha Nile bila malipo siku moja kwa juma. Mlezi wa kujitolea huomba mambo haya kwa nguvu zaidi anapokuwa na orodha ya watoto 60 wanaokuja kila Jumamosi kuliko anapokwenda na maneno matupu.

Ndugu msomaji, takriban nusu ya watu wa Uganda wana umri usiofika miaka 18, na hali ya majirani zake haiko mbali na hiyo. Hao ndio watakaoamua kama Mabira utasimama, kama kingo za Namatala zitapandwa nyasi, kama miteremko ya Bududa itaendelea kuchimbwa. Hawawezi kuamua vizuri juu ya kitu wasichokijua. Wahenga walisema, udongo uwahi ungali maji. Kazi ya kuwahi haihitaji cheo wala gari. Yahitaji mtu mzima mmoja mtaani kwako ambaye Jumamosi ijayo, saa mbili asubuhi, atasimama mahali panapojulikana akiwa na filimbi, daftari na idhini ya wazazi, na Jumamosi itakayofuata awe pale pale, pamoja na mwenzake anayejifunza kuishika filimbi hiyo.